Daktari, mayai mawili kila asubuhi yataniletea kiharusi kama cha baba?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 63, miezi minne iliyopita alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea wote, sasa hivi anatembea na mkongojo. Tangu siku hiyo mayai yamepigwa marufuku nyumbani, shangazi anasema kile kiini ndio sumu yenyewe. Mimi nina miaka 34, naenda jimu, nakula mayai mawili kila asubuhi na saa nyingine matatu. Nimesoma sehemu moja wanasema mayai yanaongeza kiharusi, sehemu nyingine wanasema yanapunguza. Nishike lipi? Na baba aendelee kukatazwa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa mzee. Miezi minne na ameshasimama na mkongojo, hiyo ni hatua kubwa, msimwachishe mazoezi.

Nianze na jibu kabisa maana najua ndicho kilichokuleta. Wewe, kama presha, sukari na kolesteroli (lehemu, wengine wanaiita hivyo) viko sawa, yai moja kwa siku, ukijumlisha ushahidi wote tulionao, halionekani kukuongezea kiharusi. Mawili matatu kila siku ni habari nyingine kidogo, sio kwamba ni sumu, ni kwamba huko tafiti nyingi hazijafika, nitakueleza. Mzee yeye inategemea ni kiharusi cha aina gani, kama ana sukari, na kolesteroli yake mbaya ikoje.

Lakini hebu rudia kusoma ulichoniandikia. Mayai umeyataja, kiini umekitaja, shangazi umemtaja, jimu umeitaja, presha ya mzee hujaitaja hata mara moja. Na ya kwako pia hujaitaja. Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka, sio kwenye mayai.

Sasa twende. Kitu cha kwanza kinachowachanganya watu ni kwamba kiharusi sio ugonjwa mmoja. Kuna cha mshipa kuziba, damu haifiki sehemu ya ubongo na hiyo sehemu inaanza kufa, na kuna cha mshipa kupasuka, damu inamwagika ndani ya kichwa. Cha kuziba ndio kingi, duniani ni kama sita mpaka saba katika kila kumi, Marekani ni asilimia 87. Kwa nje vinafanana, mdomo unapinda, mkono unaanguka, maneno yanakwama, huwezi kujua kwa macho ni kipi mpaka mgonjwa apite kwenye CT skani, ile mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa. Ila sababu zake hazifanani. Kolesteroli mbaya, ile LDL, inahusika na cha kuziba, inajipachika kwenye kuta za mishipa, hasa ile mikubwa ya shingoni inayopeleka damu kichwani, utando unanenepa miaka na miaka halafu siku moja unachanika, bonge la damu linajenga pale au linasafiri kwenda juu. Cha kupasuka mkubwa wao ni presha. Na hapa kuna kitu watu wengi hawajui: kolesteroli ikiwa chini sana nayo imeonekana kwenda pamoja na kiharusi cha kupasuka. Mwaka 1989 ilitoka ripoti ya wanaume zaidi ya 350,000 huko Marekani, wale wenye kolesteroli chini ya 160 (miligramu kwa desilita ya damu) walikufa kwa damu kumwagika kichwani karibu mara tatu kuliko wenzao. Ukiangalia vizuri ni akina nani, ni wale ambao namba ya chini ya presha ilikuwa 90 au zaidi. Presha tena. Itajirudia mpaka utaichoka.

Yai lenyewe lina nini. Chemsha moja, lipasue katikati. Ule ute mweupe ni maji na protini, kolesteroli hamna. Yote iko kwenye kiini, kama miligramu 186 kwa yai kubwa la gramu 50, pamoja na mafuta gramu 5 hivi, na katika hizo 5 zile zinazoganda ni gramu moja na nusu tu. Nishati ni kama kalori 70, protini gramu 6. Kwa hiyo shangazi hajakosea kwamba kolesteroli iko kwenye kiini, alipokosea ni kudhani kolesteroli unayomeza inaenda moja kwa moja kukaa kwenye mshipa. Sehemu kubwa ya kolesteroli iliyo mwilini mwako unaitengeneza mwenyewe, ini likiwa mbele, na ukimeza nyingi ini linapunguza kutengeneza na utumbo unapunguza kunyonya. Mwaka 1991 daktari mmoja aliripoti habari za mzee wa miaka 88 aliyekuwa anakula mayai 25 kwa siku, ishirini na tano, miaka na miaka, na kolesteroli yake ya damu iko kawaida kabisa. Walipompima wakakuta utumbo wake unanyonya asilimia 18 tu ya ile kolesteroli, wakati watu wengine waliopimwa kama yeye walikuwa wananyonya karibu nusu, na nyingine ini lake lilikuwa linaigeuza kuwa nyongo. Sasa usiende kumuiga, nimekuletea huyu uone tu jinsi miili inavyotofautiana. Wapo na wa upande wa pili, anakula mayai mawili na kolesteroli inapanda kweli.

Kwa wastani ni hivi, ukiongeza miligramu 100 za kolesteroli kwenye chakula kwa siku, ile jumla ya kwenye damu inapanda kama 2 na ushee (kwa vile vipimo vya miligramu kwa desilita), maana yake yai moja la kila siku ni kama 4, na sehemu ya hiyo 4 ni HDL ile nzuri. Kwa mtu mwenye 180 hiyo sio kitu. Mafuta yanayoganda, ya nyama nono, siagi, soseji, ndiyo yanaipandisha LDL zaidi kwa sababu yanalifanya ini lipunguze ile milango yake ya kuvuta LDL kutoka kwenye damu, LDL inabaki inazunguka haina pa kwenda.

Hofu ya mayai yenyewe ina historia. Mwaka 1913 huko Urusi Nikolai Anichkov aliwalisha sungura kolesteroli, mishipa yao ikajaa utando. Kazi kubwa kweli na ya kuheshimika, ila sungura anakula majani, mwili wake haujui kabisa afanye nini na kolesteroli. Mwaka 1968 chama cha moyo cha Marekani kikasema kolesteroli isizidi miligramu 300 kwa siku na viini visizidi vitatu kwa wiki, watu wa umri wa shangazi walikua na hiyo hesabu. Halafu mwongozo wa chakula wa Marekani wa 2015 ukaitoa ile 300, na mwishoni mwa 2019 chama kilekile cha moyo kikasema mtu mwenye afya anaweza kula yai moja zima kwa siku ndani ya mlo mzuri. Miaka hamsini watu wametupa viini.

Haya, sasa lile swali lako zuri, kwa nini huku yanaongeza na kule yanapunguza. Hukusoma vibaya, ndivyo ilivyo.

China kuna utafiti mkubwa wa watu karibu nusu milioni, matokeo ya mayai yalitoka 2018. Waliokula mayai kila siku walipata kiharusi cha kupasuka kwa asilimia 26 pungufu kuliko wasiokula au wanaokula kwa nadra, na cha kuziba pungufu asilimia 10. Ukisoma hapo unakimbilia trei zima. Halafu 2020 Ulaya wakatoa wa kwao, watu zaidi ya 418,000 nchi tisa, wakakuta kila gramu 20 za mayai zinazoongezeka kwa siku, hiyo ni chini ya nusu yai, zinaenda na asilimia 25 zaidi ya kiharusi cha kupasuka, cha kuziba hawakukuta kitu cha maana. Umeona? Yai lilelile, kiharusi cha aina ileile, China kinashuka Ulaya kinapanda. Marekani nao 2019 walijumlisha tafiti sita, watu 29,615, wakasema kila nusu yai la ziada kwa siku magonjwa ya moyo na mishipa yanaongezeka asilimia 6. Mwaka uliofuata Wamarekani wengine waliofuatilia wauguzi na watumishi wa afya zaidi ya 215,000 mpaka miaka 32 wakasema yai moja kwa siku halina uhusiano. Na mwaka huohuo tena ukaja wa nchi 50, watu kama 177,000, nao hawakuona uhusiano.

Kama yai lingekuwa na nguvu yake lenyewe juu ya kiharusi, kama sigara ilivyo na nguvu yake, lingeonekana kila mahali kwa mwelekeo mmoja. Sigara ukiipima China ukiipima Ulaya inaua tu. Yai linabadilika kwa sababu linabeba habari za mtu anayelila. Kule China waliokula mayai kila siku walikuwa na elimu zaidi na kipato zaidi kuliko wasiokula, mtu huyo dawa ya presha anaimudu, hospitali anaenda. Kwingine yai linaingia mezani limebebana na soseji, siagi, mkate mweupe na chumvi, sasa ukija kuhesabu nani alaumiwe, yai ndilo lililoandikwa kwenye dodoso. Watafiti wanajitahidi kuondoa hizo tofauti kwa hesabu lakini haziondoki zote. Halafu zile sita za Marekani waliulizwa chakula mara moja mwanzoni tu, wakafuatiliwa kwa miaka 17 na nusu hivi. Wewe ulichokuwa unakula miaka 17 iliyopita ndicho unachokula leo?

Kitu kingine, zile asilimia. Ukisikia 25 zaidi unaona kama katika watu mia 25 wataanguka. Hapana. Tuseme katika watu 1,000 wanne wangepata kiharusi cha kupasuka kwa muda fulani, asilimia 25 zaidi ni watano. Ndio tofauti yenyewe. Na upande wa sifa pia angalia mkono wa mtu, mwaka 2016 lilitoka jumuisho moja la tafiti kadhaa likisema yai la kila siku linapunguza kiharusi asilimia 12, lililipiwa na kituo cha lishe cha sekta ya mayai yenyewe. Sisemi walidanganya. Nasema tu nilipojua nani kalipa nilirudia kulisoma polepole.

Sasa kwa wewe wa mawili matatu, hapa ndio pa kusikiliza. Kule China hao wanaoitwa walaji wa kila siku ukipiga wastani hata yai moja zima halikufika, ni kama robo tatu ya yai. Kwa hiyo mtu asije akachukua ule utafiti akautetea mayai matatu, haukuongelea hayo. Ninachokushauri sio kuacha, ni kupima. Nenda kapime mafuta ya damu, ile karatasi yenye LDL, HDL na traiglisaraidi (aina nyingine ya mafuta ya damu). LDL ikiwa nzuri endelea na mayai yako, ukitaka protini zaidi ongeza ute, viini acha kimoja au viwili. Ikiwa juu, toa viini wiki sita, usiguse kitu kingine chochote, kapime tena. Ikishuka sana basi wewe ni wa kundi linaloitikia, mwili wako umekujibu na huhitaji utafiti wa China wala Ulaya. Ikigoma kushuka tafuta mchawi kwingine. Na ikiwa 190 au zaidi hiyo sio habari ya mayai tena, kuna hali ya kurithi ambayo iko kwa mtu mmoja katika kama 250, huyo anahitaji dawa na ndugu zake wapimwe.

Kuna habari ya kolini pia, kirutubisho kimoja cha kwenye yai, utaiona kwenye video, kwamba kolini ya kwenye kiini bakteria wa tumboni wanaigeuza na ini linamalizia linatoka kitu kinachoitwa TMAO kinachohusishwa na mishipa kuharibika. Ni kweli kipo kinachunguzwa, ila samaki wa baharini anakipandisha hicho kitu kuliko yai, na samaki hakuna anayemkataza, kwa hiyo bado sijaanza kukosa usingizi.

Turudi kwa mzee na turudi kwa presha, kule nilikotaka kufika tangu mwanzo. Kuna utafiti ulifanywa nchi 32, ukatoka 2016, ukilinganisha waliopata kiharusi na wasiopata. Vitu kumi vinavyoweza kurekebishwa vilibeba karibu asilimia 90 ya hatari yote: presha, kutofanya mazoezi, mafuta mabaya ya damu, mlo, tumbo kubwa, msongo wa mawazo, sigara, magonjwa ya moyo, pombe, kisukari. Presha peke yake karibu nusu. Na ukiishusha ile namba ya juu kwa 10 tu, mfano kutoka 150 kuja 140, kiharusi kinapungua kama robo, na hii sio ya kuuliza watu walikula nini, ni majaribio ya dawa kabisa yaliyojumlishwa. Weka hiyo karibu na nusu yai na asilimia 6 yake halafu uniambie nyumba nzima igombane kuhusu kipi.

Nilishampokea mama mmoja aliyeacha mayai miaka miwili, hata keki anauliza imewekwa mayai mangapi, nikamfunga mashine ikasoma 180 kwa 110. Dawa unameza mama? Nameza, kichwa kikiuma. Presha haiumi jamani, anayesubiri kichwa kiume anaweza kusubiri mpaka siku ya kuanguka.

Kwa hiyo nunueni mashine ya mkononi, ile ya kufunga juu ya kiwiko sio ya kwenye kifundo. Mzee akojoe kwanza, akae kwenye kiti chenye mgongo dakika tano, miguu yote sakafuni asikunje nne, mkono ule usiopooza uwekwe juu ya meza usawa wa moyo, asiongee, na wewe usimwongeleshe. Asiwe ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa. Pima mara mbili, pumzika dakika moja katikati, andika zote kwenye daftari hata ile usiyoipenda. Asubuhi kabla ya dawa, na jioni.

Kuhusu chakula chake. Ulizeni hospitali mlipotibiwa CT ilionyesha nini, kuziba au kupasuka, mna haki ya kujua na mwombe iandikwe. Kama ni kuziba kuna uwezekano mkubwa yuko kwenye aspirini au dawa ya aina hiyo pamoja na statini, dawa ya kushusha kolesteroli, hizo asiziache hata siku moja kwa kisingizio kwamba ameacha mayai, kuacha mayai hakufanyi kazi ya statini hata kidogo. Kama ana kisukari niko makini zaidi, kuna tafiti, ya 1999 na jumuisho la 2013, zilizoonyesha wenye sukari wanaokula mayai mengi wanapata zaidi ugonjwa wa moyo ingawa kwa kiharusi haikuonekana hivyo, halafu Australia wakawapa watu wenye sukari au wanaoielekea mayai 12 kwa wiki na mafuta yao ya damu hayakuharibika. Mwenye sukari huwa namwambia viini vitatu vinne kwa wiki halafu tunapima, huo ni uamuzi wangu, daktari mwingine atakwambia namba nyingine tusigombane.

Ila kumkataza kabisa mimi siungi mkono. Mtu aliyetoka kwenye kiharusi misuli inayeyuka, anahitaji protini, na wengi kumeza kunakuwa kwa shida, nyama inamkwama. Yai la kuvurugwa laini ni moja ya vitu rahisi kumlisha mtu wa hivyo, akiwa ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, baada ya kumezwa kwake kuangaliwa. Mkimnyang'anya hilo mnampa nini? Mara nyingi nakuta ni mkate mweupe na chai ya sukari, hapo mmemtoa kwenye kitu chenye shaka ndogo mkampeleka kwenye kitu kisicho na faida.

La kukaanga au la kuchemsha? La kuchemsha, ila sababu sio yai, ni kikaango na mkono wa mpishi. Yai zima lina sodiamu kama miligramu 70. Robo kijiko cha chai cha chumvi ina sodiamu ya mayai manane. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, ni kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote pamoja na ile iliyofichwa kwenye mkate na soseji. Mwangalieni anayepika anavyonyunyiza, mara moja kwenye bakuli wakati wa kukoroga, mara ya pili mezani kabla hata hajaonja.

Na wewe na vyuma vyako, kabla hujaendelea kubeba kizito pima presha, kama iko juu usiwe unabana pumzi wakati wa kunyanyua, toa hewa. Na kama kuna mtu jimu anakuuzia sindano za kukuza misuli achana naye, hizo zinaharibu kolesteroli na kupandisha presha kuliko trei la mayai.

Nitumie namba za wiki moja za mzee na jibu la ile CT nikwambie mayai yake kwa idadi. Halafu umesema shangazi, huyo ni dada yake mzee, baba mmoja mama mmoja au hata mmoja wao tu. Mkishampima mzee msiifungue mashine mkairudisha kwenye boksi, mfungeni na yeye.